Nafasi Kati ya Mlango na Dirisha

Murungu, Kibondo
14 Machi 1976

Mdogo wangu Philemon,

Kabla ya yote, sogeza karatasi hii kwenye mwanga uutazame mwandiko. Ni wangu. Hakuna aliyenishikia kalamu. Nimemaliza darasa la kisomo, nikafaulu, na mwalimu wetu anasema herufi zangu zinalala upande kama watu waliotoka kilabuni, lakini zinasomeka. Kwa hiyo zile barua ulizokuwa ukiandika kwa kubana maneno, ukijua zitasomwa na mtu mwingine, ziishe. Sasa nasoma mwenyewe.

Huku tunaendelea. Mvua ni nyingi, maharage yamependeza. Shemeji yako Nicodemus mguu unamsumbua wakati wa baridi, lakini mdomo wake ni mzima. Valeria mwanangu amenipita kwa urefu na anataka nimwite dada. Msalimie sana wifi yangu Esteri.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Zahanati yetu tuliyojenga kwa mikono yetu imeezekwa bati. Ukuta wake unaotazama barabara ni mtupu kabisa. Mwenyekiti alitaka uandikwe maneno kwa rangi. Sisi wanawake wa kisomo tukamwambia maneno tunayo ya kutosha, safari hii tunataka picha. Reverien, yule fundi mwashi aliyekimbilia kwetu kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, alitueleza kwamba huko kwao aliwahi kupamba sakafu ya kanisa kwa vigae vya rangi, kimoja kimoja hadi ikawa picha. Tukasema, kama ni udongo, hata sisi tunao.

Basi tumekubaliana hivi: kila kaya itengeneze kigae kimoja kwa mkono, na juu yake ichore kitu kilichokuwa nyumbani kwake kabla serikali haijatuhamishia hapa. Mti, jiwe la kusagia, kisima, chochote. Maana huu ni mwaka wa tatu tunaishi mstari mmoja, nyumba kwa nyumba, na mimi bado sijui jirani yangu alitoka mlima gani.

Wewe unajua kuchora. Njoo likizo ya Juni. Nafasi ya kwetu nimeshaichagua, iko kati ya mlango na dirisha, pale mgonjwa atakapokaa kusubiri. Tangu tumzike mama hujakanyaga huku. Sikuulizi sababu. Nakuambia tu kwamba nafasi ipo.

Mimi dada yako,
Josepha


Kasulu
2 Mei 1976

Dada Josepha,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa dereva Hamis mwezi mzima kwa sababu lori lake lilikwama njiani na yeye akaisahau mfukoni mwa koti. Nilipoifungua niliisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya habari na ya pili kwa ajili ya mwandiko. Nimewasomea wanafunzi wangu chuoni aya ya kwanza. Walicheka pale pa kilabuni, nami nikawaambia aliyeandika hivi alikuwa hajui hata irabu miaka miwili iliyopita. Hongera sana, dada.

Sisi ni wazima. Esteri ni mjamzito, anatarajia kujifungua Julai. Anakusalimu.

Kuhusu ukuta, wazo ni zuri sana. Nimewatengenezea mchoro, nimeuweka ndani ya bahasha hii. Vilima viko juu, njia zote zinashuka kukutana katikati, pale palipo na zahanati. Kila mraba ni kigae kimoja. Vipimo ni sentimita kumi na tano kila upande, unene sentimita moja na nusu. Ni muhimu vyote vilingane, vinginevyo fundi atapata taabu. Nitamtuma Hamis alete mifuko mitatu ya saruji, ni mchango wangu.

Juni sitaweza kuja. Kuna mitihani ya kusahihisha, na hali ya Esteri unaielewa. Kigae chetu naomba ukitengeneze wewe. Wewe ndiye uliyerithi mikono ya mama.

Ndugu yako,
Philemon


Murungu
27 Juni 1976

Mdogo wangu,

Saruji imefika, ahsante. Hamis alikula ugali kwetu akamaliza mboga yote. Esteri anaendeleaje? Nimempelekea kitenge kwa Hamis huyohuyo, na nimemwambia akikisahau kwenye koti asirudi Murungu.

Sasa cheka, maana sisi tumeshacheka na kulia. Tulifinyanga vigae sitini na tatu kwa vipimo vyako, Valeria akishika rula kama polisi. Tukavikausha, tukachimba shimo, tukapanga kuni na majani na samadi, tukachoma kama tunavyochoma vyungu. Asubuhi tukafukua. Vilivyokuwa vizima ni kumi na kimoja! Vingine vilipasuka, na vingi vilijikunja pembe zote nne vikawa kama vibakuli. Mama mmoja alichukua cha kwake akasema hiki kinafaa kuwekea chumvi, akaenda nacho nyumbani.

Kosa ni letu, nimelijua baadaye. Mikono yetu tangu utotoni imezoea mviringo. Hata ukituambia fanyeni kitu bapa, vidole vinavuta udongo ukingoni bila sisi kutaka. Nilivitazama vile vigae nikamwona mama alivyokuwa akikaa na udongo magotini. Unakumbuka alivyokuwa akijaribu chungu kipya? Anakigonga kwa kifundo cha kidole, anainamisha sikio. Kikiwa na ufa kinanyamaza. Kikiwa kizima anasema, "Kimeitika," halafu anakupa wewe usikilize, kwa sababu ulikuwa mdogo na ulikuwa kipenzi chake.

Mwenyekiti ameanza tena habari za rangi. Ametupa hadi Septemba. Uliza huko mjini kama kuna mtu anayejua udongo bapa.

Na kuhusu kigae chetu, mimi sitakitengeneza. Nitafinyanga vya jirani zangu vyote ikibidi. Hicho hapana.

Josepha


Kasulu
18 Julai 1976

Dada,

Shikamoo. Furaha kwanza: tarehe tisa Esteri amejifungua mtoto wa kike, mwenye nguvu na sauti kubwa. Tumempa jina la mama, Rosa. Kitenge kilifika salama na ndicho alichovikwa siku ya kutoka hospitali.

Kuhusu vigae nimefanya uchunguzi. Jumamosi nilipanda baiskeli hadi Rungwe Mpya kwa mzee mmoja mfinyanzi. Alisikiliza akacheka kama mlivyocheka ninyi. Anasema udongo mpya mtupu hauwezi kukaa bapa. Tafuteni vyungu vilivyovunjika, mvitwange vizuri, mchekeche, kisha mchanganye kopo moja la unga huo kwa makopo mawili ya udongo. Udongo uliokwishapita motoni hautikisiki tena, nao unaushika ule mpya usijikunje. Mkaushe kivulini katikati ya mbao mbili. Vyungu vibovu havikosi kijijini, kwa hiyo naamini tatizo limekwisha.

Kazi zimenibana, naishia hapa.

Philemon


Murungu
29 Agosti 1976

Mdogo wangu Philemon,

Mungu amkuze Rosa. Niliposoma jina hilo nilikaa chini pale pale mlangoni, na Nicodemus akadhani nimepata msiba.

Halafu nikasoma hapo chini. "Vyungu vibovu havikosi kijijini." Umesahau, au hukutaka kukumbuka? Kijiji hiki kina sufuria na ndoo za bati. Vyungu vyetu viko milimani. Siku ya kuhama hakuna aliyeruhusiwa kupakia chungu kwenye lori, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Kwa hiyo tulirudi huko. Wiki tatu watu walikuwa wakipanda kila mmoja kwenye mlima wake, na vikapu, kuokota vipande vya vyungu vyao. Kwanza walikwenda peke yao, baadaye wakaanza kusindikizana, maana kipande kizito kinataka mtu wa pili. Huyu akamwonyesha huyu palipokuwa jiko lake, palipozikwa baba yake, mti aliopanda akiwa bibi harusi. Jioni walirudi wakiongea kwa sauti. Philemon, sijawasikia watu wa hapa wakiongea namna ile tangu tulipokuja. Mzee wa Rungwe Mpya apewe pombe kwa gharama yangu.

Tukatwanga, tukachekecha, tukachoma upya. Sitini viliingia motoni, hamsini na nane vikatoka vizima na bapa! Reverien ameanza kuvibandika kuanzia juu. Kuna ng'ombe, vinu, mizinga ya nyuki, na kuku mmoja mkubwa kuliko nyumba yake. Vyeupe ni vya udongo wa mtoni, vyekundu ni vya bondeni. Mwenyekiti amekuja mara nne kuonyesha wageni kazi yake.

Nami nilikwenda kwetu Rukobe pamoja na Valeria. Saa tatu kwa miguu. Vipande vya mama viko nyuma ya palipokuwa ghala. Nimevileta, nimevitwanga mwenyewe, unga wake uko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati.

Sasa nitasema kitu nilichokimeza miaka mitatu. Siku ile ya mwaka wa sabini na tatu ulikuja kwetu na daftari. Mlikuwa walimu wachache mliopewa kazi ya kuandika kaya. Mama alikataa kupanda lori bila vyungu vyake. Ulimshika mkono ukamwambia, "Panda, mama. Lori la pili litakuja kuchukua vyungu." Akapanda, kwa sababu ni wewe uliyesema. Nilikuwa nimesimama karibu kama nilivyo karibu na karatasi hii.

Tulipofika Murungu, kila alasiri alitoa kigoda chake akakaa kando ya barabara. Nikimuuliza ananiambia anangoja lori la pili. Watoto wakaanza kumtania. Wiki saba, Philemon.

Nakuuliza swali moja na nataka unijibu kwa kalamu yako. Lori la pili lilikuwepo?

Josepha


Murungu
3 Oktoba 1976

Philemon,

Hamis amekuja na kurudi mara mbili bila barua. Anasema amekuona sokoni, mzima, ukaulizia bei ya maharage na usiulizie habari za kwenu. Haya.

Ukuta umejaa ila nafasi moja. Ufunguzi ni tarehe ishirini Novemba, anakuja mgeni kutoka wilayani. Reverien anauliza kila asubuhi aweke nini pale kati ya mlango na dirisha. Namwambia angoje. Mvua za kwanza zimeanza kugonga bati.

Mbusu Rosa.

Josepha


Kasulu
17 Oktoba 1976

Dada yangu Josepha,

Barua hii nimeiandika mara sita. Tano nimezichana.

Halikuwepo. Lori lilikuwa moja kwa mlima mzima, na nilijua hivyo nilipomshika mkono. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nina daftari la serikali kwapani, na watu wote wa Rukobe walikuwa wakitazama kama mtoto wa Rosa ataweza kumpandisha mama yake mwenyewe. Neno lilinitoka haraka. Lilipofaulu kwa mama nikalitumia katika nyumba nyingine kumi na moja. Usiku ule nilisifiwa kwamba kwenye mlima wangu hapakuwa na vurugu.

Niliahidi moyoni kwamba nitatafuta gari. Nikapata uhamisho kuja Kasulu, nikajiambia nitatafuta nikishatulia. Siku ya mazishi ya mama, bibi mmoja alinishika bega akasema, "Mwanangu, mama yako alikuwa akikusubiri." Hakuwa na ubaya. Alidhani alikuwa akinisubiri mimi. Nilishindwa kusimama pale. Ndiyo maana niliondoka alfajiri, na ndiyo maana kila likizo napata kazi ya kufanya.

Nilimpa mtoto jina la mama nikidhani nitapata nafuu. Badala yake namwita mara ishirini kwa siku, na mara zote ishirini nakumbuka.

Ni ng'ombe au ni watu waliovivunja vile vyungu, sijui. Lakini aliyeviacha ni mimi. Mnipe kazi yoyote kwenye huo ukuta isipokuwa ile ya kugusa kopo lililo juu ya kabati. Sistahili, dada. Nisamehe kama unaweza.

Philemon


Murungu
31 Oktoba 1976

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mbele ya moto, nikalia, nikaona aibu. Lakini aibu ile si juu yako. Kaa kitako usome, maana hata mimi nimechana karatasi.

Si ng'ombe, Philemon, wala si watu wengine. Ni mimi.

Wiki ya saba ya mama kukaa barabarani nilishindwa kuvumilia. Niliaga kuwa nakwenda kutafuta kuni, nikapanda Rukobe peke yangu. Vyungu vyake vilikuwa pale pale, vyote vitatu, vizima, pamoja na ule mtungi mkubwa wa pombe. Nilitaka kuubeba. Niliuinua hadi magotini tu. Nikafikiri, nikibeba kimoja kidogo atangoja viwili, nikibeba viwili atangoja mtungi. Ataendelea kukaa kando ya barabara mpaka afe pale, na watoto wanamcheka.

Niliugonga kwanza kwa kifundo cha kidole. Uliitika, Philemon, kama kengele. Halafu nikachukua jiwe.

Nilimwambia mama kwamba ng'ombe wameingia wakavikanyaga. Akaniuliza, "Vyote?" Nikasema vyote. Akanyanyua kigoda chake akakirudisha ndani, na hakukaa tena barabarani. Baada ya wiki tatu akafa. Homa ilimwua, mganga alisema hivyo na mimi naamini, siku nyingine. Siku nyingine nasikia lile swali lake.

Miaka mitatu yote nimekuachia wewe mzigo wote. Watu walipokuwa wakisema "Philemon alimdanganya mama yake," nilinyamaza, kwa sababu ukiwa mwongo wewe, mimi nakuwa binti mwema. Nilikukasirikia kwa haki, lakini nilikukasirikia pia ili nisijitazame. Ile "sitakitengeneza" yangu sasa unajua ilitoka wapi. Nisingeweza kuushika unga ule peke yangu.

Siku zimebaki ishirini. Nakuomba, si kwa ajili ya ukuta. Njoo tukitengeneze wote wawili, mikono minne. Nakupenda, mdogo wangu. Sikuwahi kukuandikia neno hilo kwa kuwa nilikuwa sijajua kuandika.

Josepha


Kasulu
9 Novemba 1976

Dada,

Barua yako imefika leo mchana. Nimemsomea Esteri yote, hata nilipokuwa siwezi kuendelea yeye akaendelea. Amesema, "Unangoja nini?"

Ijumaa nitafika. Chuo kimenipa siku sita. Hamis anakuja kuchukua maharage, gari linakwenda huko tupu, amekubali kunipakia mimi na Esteri na Rosa. Nimembembeleza apite njia ya kijijini taratibu, kando kabisa ya barabara, pale palipokuwa pakikaliwa.

Watu wakiuliza ni lori gani hilo, utajua la kuwajibu.

Philemon


Murungu
28 Novemba 1976

Mdogo wangu Philemon,

Natumaini mlifika salama na Rosa hakumtapikia Hamis tena. Nyumba imekuwa kimya mno tangu mlipoondoka Jumatano ile kabla ya ufunguzi. Nicodemus anasema anakosa mtu wa kubishana naye habari za mpira. Valeria amekataa kufua ile nguo aliyobebea mtoto, anasema bado inanukia. Bibi aliyekushika bega siku ya mazishi anasema hajawahi kuona lori likija tupu na kushusha kitu kikubwa hivyo. Nadhani alikuwa akimsema Rosa.

Sasa habari za kigae chetu, maana uliondoka hakijachomwa.

Nilikikausha kando ya jiko kama tulivyosema, kwa kuwa mvua haikuacha kivuli kikavu popote. Haraka haina adabu na udongo. Kimejikunja. Si sana, lakini pembe moja ya mbele imenyanyuka kama kidole. Reverien alikitazama kwa huzuni akasema, "Mama, hiki kitaharibu mstari wote, nikukatie kingine?" Nikamwambia akikigusa kwa tindo nitamchoma yeye.

Kiko mahali pake, kati ya mlango na dirisha. Lile lori ulilochora, na vyungu vitatu vya mama nilivyovipanga juu yake, na mtungi. Kwa sababu ya ile pembe, gurudumu la mbele liko juu, na lori linaonekana linapanda kilima. Siku ya ufunguzi mgeni alipita vigae vyote akisifu, akafika pale akasimama. Akauliza, "Hili lori linapeleka wapi vyungu?" Wanawake wote wa kisomo walinitazama. Nikasema, "Linavileta nyumbani, mheshimiwa." Akaandika kwenye kidaftari chake, sijui aliandika nini.

Jana nilikwenda kumpeleka Nicodemus zahanati kwa ajili ya mguu. Kulikuwa na foleni. Nikakaa pale kwenye benchi, na nilipohakikisha hakuna anayenitazama, nikakigonga kigae chetu kwa kifundo cha kidole, nikainamisha sikio.

Kimeitika.

Dada yako,
Josepha